Tajiri Amefunga, Gari Liko Masumbwe

Dereva wa lori hapati habari ya kufa kwa kampuni yake gazetini. Huipata kwenye kituo cha mafuta. Ameingiza gari kwenye pampu kama safari zote, ametaja namba ya gari na jina la kampuni, na kijana wa pampu anamjibu bila hata kumtazama kwamba ofisi yenu imesimamishiwa mkopo, leo ni pesa taslimu. Simu ya msimamizi wa safari inaita mpaka inakatika. Ya mhasibu imezimwa. Kufika magharibi, kundi la WhatsApp la madereva limejaa sauti kutoka Nzega, Rusumo na Kigali, kila mmoja na kipande chake cha habari, na vipande vikiunganishwa jibu ni moja: tajiri amefunga.

Tuseme yamemkuta Masumbwe. Mji huu wa wilaya ya Mbogwe, mkoani Geita, uko kwenye barabara inayotoka Isaka na Kahama kwenda Ushirombo, Nyakanazi na hatimaye Rusumo, njia inayobeba mizigo ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Congo. Wenyeji wanaishi kwa mpunga, kwa dhahabu ya wachimbaji wadogo na kwa magari yanayopita. Nyuma ya dereva kuna zaidi ya kilomita 1,000 hadi bandari ya Dar es Salaam. Mbele yake kuna zaidi ya 200 hadi mpakani, na lori lililosheheni hutembea kama kilomita 2 kwa lita moja ya dizeli. Mtu yeyote anaweza kupiga hesabu hiyo na kuona kwamba posho iliyobaki mfukoni haimfikishi mbele wala haimrudishi nyuma.

Hali yake kisheria ni ya ajabu kidogo. Ana gari mkononi, lakini mara nyingi kadi ya gari hilo iko benki au kwa kampuni iliyolikopesha. Ana mzigo, wa mfanyabiashara wa Kigali au Bukavu asiyemfahamu. Kontena lina lakiri ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato, na kule Dar es Salaam kuna ofisa anayeweza kuona kwenye kompyuta kwamba gari limesimama mahali lisipopaswa kusimama. Vitu vya mamilioni ya shilingi viko chini ya ulinzi wa mtu mmoja ambaye, tangu asubuhi, huenda hana mwajiri. Mali yake mwenyewe ni jiko la gesi, ndoo na blanketi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, ina kifungu ambacho madereva wengi hawajawahi kukisikia. Sheria ilipotungwa kilipewa namba 43. Kinasema kwamba mkataba wa mfanyakazi ukikoma mahali ambapo sipo alipoajiriwa, mwajiri ana wajibu wa kumrudisha yeye na vitu vyake hadi alipoajiriwa, au kulipia usafiri huo, au kumpa posho ya safari isiyopungua nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na alipoajiriwa. Zikipita siku kati ya kuachishwa na kusafirishwa, mwajiri anadaiwa pia gharama za kujikimu za siku hizo.

Kifungu hiki kimezoeleka kwenye kesi za mtumishi aliyehamishiwa mkoa mwingine kisha akaachishwa kazi. Kwa usomaji wangu kinamhusu pia dereva aliyekatikiwa mkataba njiani. Maneno yake yanauliza mkataba umekomea wapi, na kama umekomea Masumbwe, umekomea Masumbwe. Wakili wa mwajiri atajibu kwamba kituo cha kazi cha dereva ni Dar es Salaam na huko barabarani alikuwa safarini tu. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini inampa mwajiri faida ya kumtuma mtu mbali na kisha kudai kwamba hakumtuma popote.

Sasa, aliajiriwa wapi? Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri kuandika mahali hapo katika taarifa za ajira anazompa mfanyakazi, pamoja na kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, saa za kazi na malipo. Asipoweza kuleta maandishi hayo panapozuka shauri, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Kuajiri kumeelezwa kuwa ni ule ushawishi wa kumwita mtu kazini, uwe umefanywa na mwajiri au na wakala wake. Basi dereva aliyekuwa amekaa Kahama akapigiwa simu na tajiri wa Dar es Salaam anaweza kuhesabiwa kuwa ameajiriwa Kahama, na nauli yake ya basi kutoka Masumbwe ikawa ndogo sana, hata kama mke na watoto wako Mbagala. Kuna watu wanaodhani sheria ya kazi daima huegemea upande wa mfanyakazi. Wasome kifungu hiki taratibu.

  

Kifungu ni kizuri. Tatizo lake ni kwamba kimemwandikia mtu ambaye simu yake imezimwa.

Kampuni za usafirishaji hufa kwa namna inayofanana. Mwenye mzigo analipa baada ya siku 60 au 90. Dizeli, posho na matairi vinatakiwa leo. Benki inataka rejesho kila mwezi, gari liwe limetembea au limekaa foleni mpakani. Mwenye kampuni anaziba pengo kwa mkopo wa mafuta, kisha kwa makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ya wafanyakazi wake, kisha kwa kodi. Siku benki inapokuja kuchukua magari, au Mamlaka ya Mapato inapozuia akaunti, hakuna kilichobaki cha kuuza isipokuwa viti vya ofisini. Kampuni kubwa hufanya hivyo kwa mwaka mzima, ndogo kwa wiki chache.

Ukanda huu wa dhahabu unajua jinsi mlango mmoja unavyofunga mingine. Machi 2017 serikali ilipiga marufuku kusafirisha makinikia, yaani mchanga wenye madini, nje ya nchi, na makontena yaliyokuwa yakitoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi kwenda bandarini yakasimama. Mwezi Mei, kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikaripoti juu ya makontena 277 yaliyozuiliwa. Septemba mwaka huo kampuni ya Acacia, mmiliki wa migodi hiyo, ikatangaza kupunguza shughuli za Bulyanhulu, na zaidi ya watu 1,000 wakapoteza kazi, wa mgodi na wa wakandarasi. Unaweza kuunga mkono uamuzi ule au kuupinga, hilo si la safu hii. Ninachotaka kusema ni kwamba kila mgodi una msafara wa kampuni nyuma yake, za chakula, za ulinzi, za magari, na nyingi kati yake zinaishi kwa mkataba mmoja. Mkataba huo ukikatwa, mwenye malori kumi hana pa kuyapeleka, na rejesho la benki linaendelea kuhesabiwa.

Dalili zipo kwa anayetazama. Posho inayotumwa nusu nusu. Tairi lililochakaa linalobadilishwa kwa jingine lililochakaa kidogo. Fundi wa gereji ya kampuni anayeacha kazi bila kelele. Dalili ninayoiamini kuliko zote ni michango ya NSSF. Mwanachama anaweza kuangalia kumbukumbu zake mwenyewe, na akiona miezi mitatu hakuna kilichoingia ilhali mshahara unakatwa, ameona kitu ambacho tajiri hajamwambia mtu. Dereva wa namna hiyo ana haki ya kufikiri mara mbili kabla ya kukubali safari ya Goma.

Kisa kilichoandikwa sana kuhusu jambo hili kilitokea Marekani. Tarehe 22 Desemba 2009, siku tatu kabla ya Krismasi, kampuni ya Arrow Trucking ya Tulsa, Oklahoma, iliyokuwa kazini tangu 1948, ilisimama ghafla. Kadi za mafuta zikaacha kufanya kazi. Mamia ya madereva walikuwa wametawanyika kwenye barabara za nchi nzima, wengine maelfu ya kilomita kutoka kwao, na waliopiga simu ofisini walikutana na sauti iliyorekodiwa. Mapema mwaka uliofuata kampuni ikaingia kwenye ufilisi. Waendesha mashtaka walikuja kueleza kwamba kodi zilizokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi hazikupelekwa serikalini, huku wakubwa wakijilipia maisha yao kutoka mfuko huo huo. Mwaka 2015 aliyekuwa mkurugenzi mkuu alihukumiwa kifungo cha miaka saba na nusu.

Hukumu ile ilikuja karibu miaka sita baadaye na haikumlisha dereva yeyote usiku ule. Kilichowarudisha baadhi yao nyumbani ni kitu kingine. Sauti ile ya kwenye simu iliwaelekeza kupeleka malori kwa wakala wa karibu wa watengenezaji, Freightliner au Kenworth, wakabidhi funguo, na wapewe tiketi ya basi. Hapo pana somo lote la makala hii. Mwajiri hakuwa na senti, au alisema hana. Sheria ya Marekani inayodai notisi ya siku 60 kabla ya kufunga kazi kubwa haikumzuia. Aliyelipa ni aliyekuwa akilitaka gari: mkopeshaji aliyejua kwamba lori lililotelekezwa pembeni ya barabara hupoteza betri, matairi na thamani kila siku inayopita, na kwamba nauli ya mtu mmoja ni bei rahisi ya kulipata likiwa zima. Miaka kumi baadaye, Desemba 2019, kampuni ya malori ya Celadon ya Indianapolis ilipofunga, maelfu ya madereva waliamka na maswali yale yale na kadi za mafuta zile zile zisizofanya kazi.

Ujerumani nako, mwaka 2023, madereva kutoka Georgia, Uzbekistan na Tajikistan walioajiriwa na kampuni za mmiliki mmoja wa Poland waliegesha malori kwenye kituo cha mapumziko cha Gräfenhausen wakidai mishahara. Kampuni yao ilikuwa hai, haikufungwa, lakini jambo lililowasaidia ni lile lile. Mwenye malori alipotuma watu wa ulinzi wakiwa na gari la kivita kuyachukua kwa nguvu, polisi wa Ujerumani waliwakamata hao watu wa ulinzi. Walipolipwa, walilipwa kwa sababu malori na mizigo vilikuwa mikononi mwao.

Usije ukadhani nakushauri uegeshe gari la watu Masumbwe na kukatalia funguo. Sheria yetu haimpi dereva haki ya kushikilia lori kwa ajili ya mshahara. Haki ya namna hiyo iko baharini.

Baharia anayedai mshahara wake ana dai linaloshika meli yenyewe, si mwenye meli tu. Meli inaweza kukamatwa kwa amri ya mahakama na kuuzwa, na dai la mishahara ya mabaharia hutangulia mbele ya benki iliyoikopesha. Ni kanuni ya zamani sana, na sababu yake haikuwa huruma: wenye mali walijua kwamba meli isiyo na watu ni mbao zinazoelea. Kisha likaja jingine. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 ulifanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2017. Tangu hapo meli inatakiwa kubeba cheti cha dhamana ya fedha, bima kwa maneno ya kawaida, ambayo baharia akitelekezwa inalipa chakula chake, safari yake ya kurudi na mishahara anayodai hadi miezi minne. Baharia anahesabika ametelekezwa hata kama mwajiri hajatamka kuwa amefilisika. Inatosha kwamba hajampa nauli ya kurudi, au amemwacha bila matunzo, au hajamlipa miezi miwili. Hakuna anayengoja kumtafuta tajiri. Bima ipo, jina la kampuni ya bima limebandikwa melini mahali pa wazi.

Kontena moja linapita kwenye mikono ya watu wa namna mbili. Baharia aliyelileta hadi Dar es Salaam ana cheti hicho ukutani. Kontena lenyewe, likishapakiwa kwenye lori kwenda Rwanda, lina dhamana ya forodha: likipotea njiani kuna mdhamini atakayelipa ushuru wake. Lori likivuka mpaka lina bima ya kadi ya njano, ili mwananchi wa upande wa pili akigongwa awe na wa kumlipa. Kila mmoja katika mnyororo huo ana mtu mwenye fedha aliyewekwa tayari kabla ya safari kuanza. Dereva peke yake anaambiwa amtegemee mwajiri.

Kwa hiyo ninachotetea ni kwamba deni la kumrudisha dereva nyumbani lifuate gari, lisimfuate mtu. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, ndiyo inayotoa leseni za magari ya mizigo. Leseni ya lori la masafa marefu inaweza kuambatanishwa na bima ndogo ya kurudisha wafanyakazi wake: nauli ya basi kwa watu wawili, chakula cha siku kadhaa, mshahara wa mwezi mmoja au miwili. Na benki inayotaka kulichukua lori lenye deni itakiwe kwanza kumlipa anayelikabidhi. Wenye magari, kupitia vyama vyao, TATOA na TAMSTOA, watasema tozo zimeshajaa, na katika hilo wana haki. Lakini linganisha gharama ya tiketi mbili za basi kutoka Masumbwe na bei ya matairi ya lori moja. Mfuko wa pamoja wa wamiliki ungeweza kubeba mzigo huu bila kuusikia, na kampuni zilizo safi zingenufaika, kwa sababu leo zinashindana bei na zile zinazoendesha magari kwa makato ya NSSF ya watu wao. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba wa 1992, namba 173, unaohimiza nchi kulinda madai ya wafanyakazi mwajiri anapofilisika, ama kwa kuyapa kipaumbele ama kwa kuweka mfuko wa kuyalipa. Jirani zetu wa Zambia waliuridhia.

Madereva wetu walipogoma Aprili na Mei 2015, pamoja na suala la kurudi darasani kila leseni inapokwisha, walidai mikataba ya ajira. Sikumbuki kuona bango lolote lililozungumzia safari ya kurudi nyumbani. Pengine vyama vya wafanyakazi, TAROTWU, TADWU na COTWU, vingeanzia hapo, maana ni dai dogo ambalo hata tajiri mgumu huona aibu kulikataa mezani.

Hayo ni ya kesho. Aliyekwama leo asubuhi afanye nini?

Kwanza asiguse dizeli. Tenki la lori lina pesa ya haraka, na wanunuzi watakuja wenyewe kabla hajawatafuta. Kuuza mafuta ya gari la kampuni ni wizi wa mtumishi kwa mwajiri wake, kosa lenye kifungo kirefu katika Kanuni ya Adhabu, na mahakama haitauliza kama ulikuwa na njaa kabla haijauliza mafuta yalikuwa ya nani. Kampuni ile ile isiyopokea simu yako kwa ajili ya mshahara itapata nguvu za kwenda polisi kwa ajili ya lita 200. Nimeona madai halali kabisa ya mishahara yakizama kwa namna hiyo.

Pili, lakiri isivunjwe. Mwenye mzigo, akishaelewa kilichotokea, atatafuta gari jingine la kufaulishia, na mara nyingi wakala wake atafika Masumbwe usiku akiwa na haraka. Mzigo wa transiti uko chini ya forodha mpaka utoke nchini, kwa sheria ya pamoja ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Kufaulisha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Mapato na ofisa wake awepo. Bila hivyo, mwenye jina kwenye nyaraka za safari ni dereva, na ndiye atakayetafutwa. Ni vema yeye mwenyewe aipigie simu Mamlaka mapema, aeleze gari lilipo na kwa nini, kabla kompyuta haijamshtaki kwa kutoka kwenye ratiba.

Tatu, asiondoke akaliacha gari, na asilikabidhi kwa maneno. Aende polisi, aandikishe taarifa, apate namba yake. Aende kwa mtendaji wa kata. Mtendaji katika mji mdogo wa barabarani ni shahidi bora kuliko wakili wa mjini: anajua gari liliegeshwa lini, linalindwa na nani, na dereva anakula kwa nani kwa mkopo. Aje nani kuchukua gari, benki, dalali wa mahakama au ndugu wa tajiri, aonyeshe karatasi inayompa mamlaka. Kisha iandikwe hati ya makabidhiano: namba ya kichwa na ya tela, kilomita zinazosomeka, kiasi cha mafuta, matairi mangapi na hali yake, jeki, namba ya lakiri, tarehe na saa. Wote wasaini, na mtendaji apige muhuri.

Hapo ndipo lile somo la Tulsa linapofaa. Wakati wa makabidhiano dereva ana neno la kusema, na baada ya hapo hana. Asikatae kukabidhi. Aombe tu kwamba nauli yake, na deni la chakula na la mlinzi wa maegesho, vilipwe pale pale na kuandikwa kwenye hati hiyo hiyo. Ofisa wa benki aliyesafiri kutoka Mwanza au Dar es Salaam kuchukua lori zima, na dereva mwenye ufunguo akiwa amesimama mbele yake kwa adabu, mara nyingi atalipa.

Simu aitunze kuliko kitu kingine chochote. Ujumbe wa posho iliyotumwa kwa simu, sauti za msimamizi akimwambia apakie wapi, picha ya kadi ya gari na ya hati ya mzigo, vyote hivyo ni mkataba kwa asiye na mkataba. Jina lililo mlangoni mwa lori, jina lililo kwenye kadi na jina linalotuma mshahara yanaweza kuwa matatu tofauti. Aandike yote matatu, kwa sababu si ajabu miezi michache baadaye kulikuta lori lile lile barabarani likiwa na rangi mpya na jina la nne.

Madai yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Anayelalamikia kuachishwa ana siku 30, na mwenye madai mengine, kama mishahara ya nyuma, ana siku 60. Anayechelewa lazima aombe kuongezewa muda na kutoa sababu. Kanuni za Tume zinapeleka shauri kwenye ofisi ya eneo ambalo mgogoro ulizuka, isipokuwa Tume ielekeze vinginevyo. Kwa hiyo mtu anaweza kubishana kwamba ni Geita au kwamba ni Dar es Salaam. Ushauri wangu ni kufungua mahali palipo na mwajiri na mali zake, kama dereva anaweza kufika huko ndani ya muda, kwa sababu tuzo isiyo na cha kukamata ni karatasi. Kama kampuni imewekwa chini ya mfilisi kwa amri ya mahakama, madai yapelekwe kwa mfilisi. Mishahara imo katika madeni yanayotangulia mengine, lakini ina kikomo, na malori yaliyowekwa rehani yanakwenda kwanza kwa benki.

Na asitarajie mengi. Tuseme mshahara wake wa msingi ni shilingi 400,000 kwa mwezi na amefanya kazi miaka mitano. Kiinua mgongo kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usizidi miaka 10. Kwa siku 26 za kazi kwa mwezi, siku moja ni kama shilingi 15,385, mara siku 35, inakuwa takribani shilingi 538,000. Ongeza notisi ya siku 28, likizo ambayo hajachukua, mishahara ya nyuma, na fidia endapo Tume itaona aliachishwa isivyo halali, maana kufunga kazi bila notisi wala mashauriano ni kinyume cha utaratibu wa sheria. Ugumu ni kwamba dereva wa masafa hakuishi kwa ile 400,000. Aliishi kwa posho ya safari, na posho haimo kwenye mshahara wa msingi unaopigiwa hesabu ya kiinua mgongo. Waajiri wengi wanalijua hilo wanapopanga mshahara mdogo na posho nono.

NSSF ina fao la kukosa ajira kwa aliyechangia walau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi mwenyewe: asilimia 33.3 ya mshahara, kwa miezi 6. Ndiyo maana asikubali kusaini barua ya kujiuzulu inayotumwa na ofisi kwa ahadi kwamba “malipo yatatoka haraka”. Barua hiyo inamfungia mlango huu na ule wa Tume kwa pamoja.

Nimemzungumzia dereva tu, na kwenye gari kuna watu wawili. Utingo aliyelala juu ya turubai hana leseni ya kuonyesha, hana jina kwenye hati ya mzigo, na mara nyingi amechukuliwa na dereva mwenyewe kwa makubaliano ya mdomo. Deiwaka aliyeombwa kuendesha safari moja yuko karibu naye kwa udhaifu. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya 2004, inawasaidia kidogo: anayefanya kazi chini ya amri ya mwingine, kwa vifaa vya huyo mwingine, au anayemtegemea kwa riziki, huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka mwenye kazi athibitishe vinginevyo. Kampuni itasema utingo ni wa dereva. Jibu lake ni kuuliza gari ni la nani, na nani alipanga liende wapi. Kwa hiyo hati ya makabidhiano inapoandikwa kwa mtendaji, jina la utingo liandikwe chini ya la dereva, pamoja na mahali alipochukuliwa na kiasi anachodai, na nauli iombwe ya watu wawili.